MKONO ULIOFICHWA

Masomo: Marko 3:1-6, Luka 6:6-11



Kasisi wetu ameniomba niandike neno la mafundisho kwa gazeti la parishi, nami nimechagua habari ya yule mtu mwenye mkono uliopooza, ambaye Bwana alimkuta katika sinagogi siku ya sabato. Habari hii nimeihubiri mara nyingi, tangu nilipokuwa mkufunzi kijana katika chuo cha ualimu na kuongoza sala za jioni za wanachuo. Nilidhani naifahamu. Sasa nina miaka 67, nami nakiri mbele yenu kwamba nilianza kuifahamu siku mkono wangu mwenyewe ulipopooza.

Wengi wenu mmeona kwamba kila Jumapili nashika kitabu kwa mkono wa kushoto, na kwamba vidole viwili vya mkono wangu wa kulia vimejikunja na havinyooki. Wako walioniuliza kwa upendo. Wako pia walionong'ona. Leo nataka kuwajibu wote pamoja, maana jambo hili si langu peke yangu.

TUANZE NA MAANDIKO

Marko anatueleza kwamba katika sinagogi ile walikuwamo watu waliomvizia Bwana, wapate neno la kumshitaki. Luka, ambaye Mtume Paulo anamtaja kuwa ni tabibu (Kol. 4:14), anaongeza jambo moja ambalo Marko hakulisema: mkono uliopooza ulikuwa wa kulia. Sisi watu wa huku twajua uzito wa jambo hilo. Mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, ndio wa kusalimia, ndio wa kupokelea kitu kutoka kwa mkubwa, ndio wa kushikia jembe na kalamu. Mtu akipooza mkono huo amepoteza kazi yake, tena amepoteza heshima yake barazani.

Hebu tuangalie mambo matatu. Kwanza, mtu yule hakuomba lolote. Bartimayo alipaza sauti kando ya njia, na yule mama mwenye kutokwa na damu alijipenyeza katika msongamano. Huyu alinyamaza. Yamkini alikuwa ameketi nyuma, mkono ameuficha ndani ya vazi lake. Pili, Bwana hakumfuata kwa siri pale alipoketi. Alimwita asimame katikati, mbele ya watu wote. Tatu, huzuni ya Bwana siku ile haikutokana na mkono. Marko anasema ilitokana na ugumu wa mioyo ya waliokuwapo. Basi ndani ya nyumba ile vilikuwamo vitu viwili vilivyopooza: mkono wa mtu mmoja, na mioyo ya wengi.

Shikeni mambo hayo matatu, nami nitawasimulia yaliyonipata.

MIAKA MIWILI YA KUFICHA

Nilistaafu mwaka 2018. Nikauacha mji wa Shinyanga na kuhamia upande wa Geita, karibu na kijana wangu anayefanya kazi penye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Mwaka uliofuata, nikiwa nafundisha watoto wa Shule ya Jumapili, chaki ilianza kuniponyoka. Nilicheka, nikawaambia watoto kwamba babu amezeeka. Kisha nikaona kidole cha mwisho na kile cha pili yake vina ganzi, na nyama iliyoko kati ya kidole gumba na cha shahada imebonyea. Vifungo vya shati vikawa vigumu kufunga. Siku moja nilishika sufuria ya uji jikoni. Mke wangu ndiye aliyenusa ngozi ikiungua. Mimi sikusikia maumivu yoyote.

Nilifanya nini? Niliuficha mkono. Kanisani niliutia mfukoni. Nyumbani nilijipaka mafuta ya simba na dawa za kuchua. Katika zahanati moja nilichomwa sindano nikaambiwa ni baridi yabisi. Hapana aliyeniambia nivue shati, wala mimi sikusema kwamba mgongoni nina baka la rangi hafifu lisilowasha, ambalo mke wangu alikuwa ameliona miaka kadhaa kabla. Tulisema ni mba tu. Katika duka la dawa niliuziwa vidonge vya mishipa. Vilikwisha, nikanunua vingine. Hivyo ndivyo miaka miwili ilivyopita.

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu. Katika chuo niliwafundisha wanachuo kwamba mwanafunzi akikosea hesabu, asifute daftari lake bali amwonyeshe mwalimu kosa lilipoanzia. Nilifundisha hivyo kwa miaka zaidi ya thelathini, lakini daftari langu mwenyewe nililificha.

YULE MAMA MJANE

Sasa nakuja kwenye sehemu iliyo ngumu kuandika.

Mkono unaofichwa hauachi watu bila maneno. Watu wasipopewa sababu, hujitafutia. Jamaa zangu walikuja kutoka upande wa Shinyanga, wakaniambia wamekwenda kwa mganga wa ramli kwa ajili yangu. Mganga amewaambia kwamba mkono wa mwalimu unaliwa. Anayeula ni mwanamke mzee, jirani, mwenye macho mekundu.

Ninyi nyote mnajua maana ya maneno hayo katika nchi yetu. Katika mikoa hii ya Usukuma akina mama wazee wengi wameuawa kwa mapanga usiku kwa sababu ya maneno kama hayo. Macho yao ni mekundu kwa sababu wamepika miaka hamsini katika moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Wametupikia sisi. Halafu moshi huohuo unakuwa ushahidi dhidi yao.

Jirani yangu ni mama mjane, mzee kuliko mimi, ambaye alizoea kutuletea maziwa ya mgando. Jioni ile jamaa hawakulitaja jina lake. Haikuwa lazima. Mimi nilijua, mke wangu alijua, na vijana waliosimama mlangoni walijua. Nami nilinyamaza! Sikuamini maneno ya ramli, lakini nilinyamaza. Kama ningesema, "Si uchawi," wangeniuliza, "Basi ni nini?" Nami nilikuwa na hofu ya jibu kuliko ya swali. Yale maziwa ya mgando yalikuwa bado kibuyuni.

Asubuhi yake, kabla ya jua kupanda, mama huyo alikuja mwenyewe. "Mwangaluka, mwalimu," akasema. Nikamwitikia, "Mwangaluka, mayu." Hakuketi. Akaniomba nimwonyeshe mkono. Nikautoa mfukoni, mara ya kwanza mbele ya mtu asiye wa nyumbani kwangu. Akautazama muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, siku hizi silali. Nenda hospitali ukajue ugonjwa wako, ili na mimi nijue kama nitaishi."

Siku ile nikaondoka. Nataka mjue ukweli: sikwenda kwa ajili ya mkono wangu. Nilikwenda kwa ajili ya usingizi wa mama yule.

VUA SHATI

Katika hospitali ya wilaya nilipelekwa kwa mratibu wa kifua kikuu na ukoma, mama mmoja mtaratibu. Nilimweleza kwamba majirani wengine wanadhani ni zebaki, kwa kuwa kijana wangu alikuwa akichomea dhahabu uani kwetu. Hakulidharau neno hilo. Akanieleza kwamba mvuke wa zebaki huingia mwilini kwa kupumua na kuudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa waliwapima wachimbaji wa Rwamagasa, hapahapa Geita, mwaka 2003, wakakuta miongoni mwa wachomaji dhahabu watu wenye dalili za sumu hiyo. Dunia nzima ilijifunza ubaya wa zebaki kutoka mji wa Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956 kwa watu waliokula samaki wenye sumu hiyo, na ndiyo maana mkataba wa mataifa wa mwaka 2013 wa kuipiga vita zebaki unaitwa Mkataba wa Minamata. "Lakini mzee," akasema, "zebaki kwa kawaida hutetemesha mikono yote miwili. Haichagui vidole viwili vya mkono mmoja. Vua shati."

Alinifumbisha macho, akanigusa kwa pamba na kuniambia nionyeshe kidole mahali ninapoguswa. Baka la mgongoni halikusikia pamba hata kidogo. Akapapasa nyuma ya kiwiko changu, mahali pale ambapo mtu akijigonga husikia kama radi ikishuka mpaka kidole cha mwisho. Mshipa wa fahamu wa pale ulikuwa mnene kama kamba. Mwisho akanipa karatasi niishike kati ya vidole viwili vilivyonyooka, akaivuta taratibu. Ikatoka bila kizuizi. Mimi niliyeshika karatasi za mitihani ya wanachuo maelfu, nilishindwa kushika karatasi moja!

Akaketi mbele yangu, akasema kwa upole, "Mwalimu, huu ni ukoma. Unapona. Dawa ni bure. Ila ungekuja mapema."

Naomba nieleze kidogo, kama darasani. Ukoma wa siku zetu si laana, wala si ugonjwa wa ukoo. Gerhard Armauer Hansen, daktari wa Norway, alivigundua vimelea vyake mwaka 1873. Vimelea hivyo hupenda ngozi na mishipa ya fahamu. Hukaa mwilini kimya kwa miaka mingi, mara nyingi kama mitano, na huweza kufika ishirini, kabla ya dalili kuonekana. Watu walio wengi miili yao inavishinda bila hata kujua. Hauambukizwi kwa kupeana mikono wala kwa kula pamoja, na mgonjwa akishaanza dawa, hatari ya kuwaambukiza wengine huondoka upesi. Tena tusichanganye na Biblia: neno linalotafsiriwa ukoma katika kitabu cha Walawi lilikusanya magonjwa mengi ya ngozi, hata madoa ya nguo na ya kuta za nyumba (Law. 13 na 14). Musa hakuandika juu ya mwalimu mstaafu wa Geita.

Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza ukoma utibiwe kwa dawa mseto, yaani dawa zaidi ya moja kwa pamoja, ili vimelea visizoee. Nchini kwetu mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, na dawa hizo hutolewa bila malipo. Mimi nilimeza kwa miezi 12. Wenye ugonjwa mdogo humeza kwa miezi 6. Mkojo ulikuwa mwekundu kwa ajili ya dawa moja, na ngozi ikaniingia weusi kwa ajili ya nyingine, lakini mambo hayo hupita. Nilipewa pia prednisoloni kwa ajili ya mshipa wa fahamu uliovimba. Dawa hiyo husaidia sana ikiwa udhaifu wa mkono haujazidi miezi sita. Wangu ulikuwa na miaka miwili.

Basi vimelea vimekufa, nimepona ukoma. Vidole viwili havikurudi. Hiyo ndiyo bei ya kuficha, nami sitaki ndugu yangu yeyote ailipe.

KUSIMAMA KATIKATI

Sasa rudini pamoja nami katika sinagogi. Njiani kurudi nyumbani nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kusema, "Wamenipa dawa," nikanyamaza. Heshima yangu ingebaki, lakini yule mama angebaki mikononi mwa ramli. Au ningesema neno lenyewe, ukoma, mbele ya watu wote, na jina langu lingezungushwa sokoni kabla ya jua kuchwa.

Nilipita saa nzima njiani nikibishana na Mungu. Ndipo nikafahamu kwa nini Bwana alimwita mtu yule katikati. Mbele yake walikuwapo washitaki, na mkono uliokaa gizani huwa mali ya washitaki: kila mmoja husema juu yake apendavyo. Ukitolewa katikati, maneno yao yanakwisha. Tena angalieni neno hili ambalo sikuliona miaka yote niliyohubiri: mtu yule aliitwa katikati mkono wake ungali umepooza. Bwana hakumwambia apone kwanza ndipo apewe nafasi. Alipewa nafasi kwanza.

Jioni ile niliwaita jamaa, majirani, na mwenyekiti wa kitongoji. Nikautoa mkono, nikawaambia, "Huu ni ukoma. Nimepimwa. Hakuna mtu aliyenila. Atakayemgusa mayu yule kwa ajili yangu, amenigusa mimi." Mwenyekiti akaongeza kwamba Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu mwaka 1928, inamhesabu anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi kuwa ni mkosaji. Wazee wakanyamaza. Baadhi waliondoka bila kunipa mkono. Lakini waliondoka, na mama yule yu hai. Mpaka leo huniletea maziwa ya mgando.

Kuna baraka nyingine iliyofuata. Mratibu aliagiza watu wote wa nyumbani kwangu wapimwe. Mke wangu na wajukuu hawakuwa na ukoma. Lakini kijana wangu alipoambiwa anyooshe mikono mbele, vidole vyake vilitetemeka. Yeye ndiye aliyekuwa na dalili za zebaki. Alikuwa ameona kikombe kikimtetemekea, akaficha, kama baba yake. Ameacha kuchoma dhahabu, na kutetemeka kumepungua. Ningeendelea kuficha mkono mmoja, mikono mitatu ingepotea.

KIKOMBE

Limebaki jambo moja. Jumapili ya kwanza baada ya kutangaza, ilikuwa Jumapili ya Chakula cha Bwana. Nilikaa nyuma. Niliazimia kupokea mkate na kukiacha kikombe, ili nisiwakwaze ndugu zangu. Wenzetu wengine walikuwa tayari wameanza kuhesabu ni nani atakunywa baada yangu.

Kasisi wetu hakuhubiri juu yangu. Alipofika kwangu akanipa mkate, akanipa kikombe, akasimama akingoja. Nikanywa. Kisha, kabla ya kumpa aliyefuata, yeye mwenyewe akanywa palepale mahali midomo yangu ilipogusa, akaendelea na kazi yake. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia baadaye kwamba alikuwa amekwisha kusimama ili atoke, akaketi tena.

Ndugu wapendwa, hapo ndipo nilipoona mkono wa kanisa ukinyooshwa. Alikuwapo daktari Mkristo, Paul Brand, mwana wa wamisionari, aliyefanya kazi Vellore huko India kuanzia miaka ya 1940. Aliwapasua mikono watu wengi walioharibiwa na ukoma, akahamisha mishipa ya nyama yenye nguvu ifanye kazi ya ile iliyokufa. Yeye aliionyesha dunia kwamba vidole havianguki kwa kuwa ukoma unavila. Vinaharibika kwa sababu mtu hasikii maumivu, akashika moto, akakanyaga mwiba, hata panya wakamtafuna usiku asijue. Maumivu, alisema, ni zawadi ya Mungu kwetu.

Nawauliza basi: moyo ambao hausikii maumivu ya mwenzake una ugonjwa gani? Mama mzee anakimbia usiku, nasi twalala. Jirani anaficha mkono wake kwa hofu yetu, nasi twasema hayatuhusu. Huo ndio ugonjwa uliomhuzunisha Bwana katika sinagogi. Kwa mkono kuna dawa mseto katika hospitali ya wilaya. Kwa moyo kuna toba tu.

MAAGIZO MACHACHE

Naomba mnivumilie, mwalimu hawezi kufunga darasa bila kuacha kazi ya nyumbani.

1. Ukiwa na ganzi, udhaifu wa mkono, au baka lisilosikia mguso wala kuwasha, usingoje. Nenda kituo cha afya mwezi huohuo, ueleze yote, na uvue shati hata kama hukuambiwa. Si kila mkono dhaifu ni ukoma. Kisukari huharibu mishipa ya fahamu. Pingili za shingo huweza kuubana mshipa ukitoka. Akina mama wanaotwanga na kulima, na wajawazito, hubanwa mshipa kwenye kifundo cha mkono, wakaamka usiku kwa ganzi. Kila ugonjwa una njia yake. Lakini mkono na uso wa upande mmoja vikilegea ghafula, na maneno yakipotea, hicho ni kiharusi: usingoje hata saa moja.

2. Wanaochoma dhahabu wasichomee nyumbani, wala jikoni, wala karibu na watoto na wajawazito. Nguo za kazi zisilale pamoja na nguo za watoto.

3. Mkono usiosikia utunzwe kwa macho. Mimi kila jioni nauangalia mkono wangu kama mtu aangaliavyo shamba lake, nautia katika maji nusu saa, naupaka mafuta, na kunyoosha vidole juu ya paja. Sufuria nashika kwa kitambaa kinene.

4. Tuombe kwa ajili ya wagonjwa, na tupake mafuta kama Yakobo alivyoagiza (Yak. 5:14). Lakini tusimfanye mgonjwa achague kati ya sala na hospitali. Naamani aliponywa na Mungu, naye alipaswa kushuka mtoni (2 Fal. 5). Mto wetu sisi huenda ni foleni ya hospitali ya wilaya.

5. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Januari ni Siku ya Ukoma Duniani, iliyoanzishwa mwaka 1954 na Mfaransa Raoul Follereau. Naomba kila mtaa wa parishi yetu uitaje siku hiyo katika sala, na Umoja wa Akina Mama wawatembelee wajane wazee wanaoishi peke yao. Mjane anayetembelewa na kanisa zima si rahisi kumnong'ona.

Makala hii nimeiandika kwa mkono wa kushoto. Mwandiko wangu wa zamani wanachuo waliusifu. Huu wa sasa ni mkubwa na umepinda kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Najifariji kwa Mtume Paulo, ambaye naye aliwaambia Wagalatia watazame herufi zake zilivyo kubwa (Gal. 6:11). Nilimwomba Bwana anirudishie vidole vyangu, naye hakunirudishia. Amenipa mahali pa kusimama, katikati ya ndugu zangu, bila kuficha kitu. Nami nasema neema hiyo yanitosha.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyemwita mtu mwenye mkono uliopooza asimame mbele ya watu wote: utupe ujasiri wa kuonyesha udhaifu wetu tungali na nafasi ya kutibiwa. Uwabariki matabibu na wauguzi wa Shinyanga na Geita. Uwalinde wajane wote wanaoogopa usiku huu. Uilainishe mioyo yetu isikie maumivu ya wenzetu. Na kwa wale ambao mikono yao haitarudi, uwe wewe nguvu yao. Kwa jina lako takatifu. Amina.

Maswali ya kuzungumzia katika mikutano ya nyumba kwa nyumba:

1. Kwa nini Bwana alimwita mtu yule katikati badala ya kumponya pale alipoketi?
2. Je, mtaani kwetu yuko mtu anayeficha ugonjwa kwa kutuogopa sisi? Tumfikie namna gani?
3. Jina la jirani likitajwa kwa uchawi mbele yako, ukanyamaza, umeshiriki au hukushiriki?